Ng'ombe Watano, Salama

Jumatatu, 6 Mei

Hili ni daftari la maziwa. Miaka yote nimeandika humu tarehe, asubuhi lita ngapi, jioni lita ngapi, basi. Leo mkono umechukua kalamu wenyewe baada ya chai, kama ulivyozoea. Nikaandika tarehe. Halafu nikakwama. Lita zitoke wapi? Nikaandika sifuri. Sifuri ikanikodolea. Nikaikata.

Basi nitaandika maneno. Hakuna wa kuyasoma. Mzee wangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu. Na mwandiko wangu ni wa darasa la nne, hata kuku akichakura anaandika vizuri kuliko mimi.

Leo wiki mbili tangu mto uingie ndani. Ukutani upo mstari wa tope, chini kidogo ya dirisha, umenyooka kama umepigwa rula. Nimeusugua mara tatu kwa sabuni na majivu. Hautoki! Maharage yameondoka na udongo wake. Banda limelala ubavu.

Na ng'ombe wetu watano wako nyuma ya banda, chini, wamemwagiwa chokaa. Haya, nimeandika.

Mzee hajui. Nilimwambia binti yetu wa mlimani alikuja na mumewe, wakawaswaga wote watano kabla maji hayajapanda. Kila asubuhi anauliza, hata uso hajanawa: "Mama, wameamkaje huko?" Na mimi namsimulia. Leo nimemwambia Koroboi amegoma kula pumba mpaka atiliwe chumvi. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Koroboi huyo! Amezaliwa na kiburi." Akamaliza chai yote na mimi nikamaliza yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Jirani kaja. Huyu tunamwita Redio, hazimwi na hana betri za kuisha. Kaja na habari kwamba serikali inatoa fedha za maafa kwa wenye mashamba. Aliyefiwa na mifugo atapewa ya kununulia mingine. Aliyepoteza mazao tu atapewa mfuko wa mbegu. Karani atapita nyumba kwa nyumba.

Akaniuliza mbona nimefagia. Eti yeye tope lake hajaligusa, na mbuzi wake waliokufa kawaacha palepale kwenye ua, karani ajionee. Nikamwambia harufu yako inafika kwangu kabla yako, dada. Akasema nitamkumbuka. Nikasema nitakukumbuka vipi na hujawahi kuondoka?

Mimi siwezi kukaa na uchafu ili mtu wa ofisini anionee huruma. Siku ya pili tu baada ya mafuriko nilishachimba shimo na fundi visima, kutwa nzima, mzee akiwa bado shuleni tulikokimbilia. Siku ya tatu nikafagia juu yake. Siku ya nne nikamrudisha mzee nyumbani, pasafi. Fundi visima nikamwapisha asiseme. Redio nikamwambia ukisema nitakuja kwako na mwiko. Na wengine wote wakiuliza, jibu ni lile lile: wako mlimani, salama.

Jumamosi, 11 Mei

Karani kaja. Binti mdogo, mabuti makubwa, kishikwambi kwenye mfuko wa nailoni. Kaamkia vizuri, shikamoo bibi, shikamoo babu. Kwa hilo nimemsifu.

Tulikaa barazani, mzee katikati yetu, fimbo magotini, masikio yamesimama kama ya sungura. Karani kauliza shamba ukubwa gani, maharage kiasi gani, nyumba ina nyufa ngapi. Halafu: "Mifugo iliyokufa, bibi?"

Nikamtazama mzee. Uso wake ulikuwa umegeukia sauti yangu.

"Hakuna," nikasema. "Ng'ombe watano. Wako kwa binti yangu mlimani. Salama."

"Salama kabisa," akaongeza mzee. "Koroboi anasumbua tu."

Karani akaandika. Akanisomea: ng'ombe watano, salama. Akanipa nitie sahihi. Akanitolea na kidau cha wino wa dole gumba, nadhani kwa vile aliniona mzee. Nikamrudishia kidau chake. Nikaandika jina langu lote, la baba na la babu, mpaka nafasi ikaisha.

Nilikuwa na nafasi ya kumsindikiza hadi kwenye njia na kumnong'oneza. Nilinyanyuka kabisa. Halafu nikaona atakavyoniangalia — kichwa kimelala upande, pole bibi, pole sana. Nikakaa chini. Nikasema mfuko wa mbegu unatosha. Hatujawahi kuomba.

Mjinga mimi.

Jumanne, 14 Mei

Mwanangu wa mjini kapiga simu. Nimetoka nayo hadi chini kwenye mashina ya migomba, mzee asisikie. Mwanangu anaujua ukweli, dada yake kamwambia.

Anasema mama, bila ng'ombe mtakula nini? Shamba limebaki mawe. Yeye ana mkopo na watoto wanne, hawezi kulisha nyumba mbili. Kapata mtu wa kununua eneo. Kaona na chumba cha kupanga, ghorofa ya tatu, karibu na kwake. Mwisho wa mwezi atakuja na lori kutuchukua. Ila kama fedha za serikali zitatoka za kununua hata ng'ombe wawili, hapo atanyamaza.

Nikamwambia ulizaliwa katika nyumba hii, huna haya?  Halafu nikasikia analia, mwanamume mzima. Nikakata simu. Sijui kumbembeleza mtu kwenye simu.

Ghorofa ya tatu! Mzee hapa anatembea bila kushikwa mkono. Kitandani hadi mlangoni hatua sita. Mlangoni hadi bandani hatua ishirini na moja, na jiwe lenye mgongo analigusa kwa fimbo kwanza. Huko mjini atagusa nini? Atawekwa kwenye kiti mbele ya ukuta, na siku moja nitakuta nimeolewa na kiti.

Kesho naenda ofisini.

Jumatano, 15 Mei

Nimevaa viatu vya kanisani na kupanda gari la asubuhi. Ofisi ina benchi mbili na watu wa benchi kumi. Kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega. Nilingoja hadi adhana ya mchana. Bibi mmoja alikuwa amebeba mkia wa punda kwenye karatasi, wa ushahidi. Nilimcheka moyoni. Sikujua zamu yangu inakuja.

Karani alinikumbuka. "Bibi wa Koroboi!"

Nikamwambia niliyoyasema si kweli. Wamekufa wote.

Akafungua mashine yake, akanigeuzia nisome. Jina langu refu lile. Chini: ng'ombe watano, salama. Akasema imeshaingia. Akasema sauti ya chini, mlango ukiwa wazi, kwamba watu wameficha mifugo yao milimani na kudai imekufa, watatu wameshapelekwa polisi. Sasa mimi nimesema mwenyewe wako mlimani, na majirani wote wamesema wako mlimani. Yeye akibadilisha kwa mdomo tu, anafukuzwa kazi.

"Walikuwa na hereni za masikioni, bibi? Zile za chanjo?"

"Walikuwa nazo. Za njano."

"Ziko wapi?"

"Masikioni."

"Na masikio?"

"Kwenye ng'ombe."

"Na ng'ombe?"

Nikaelekeza kidole sakafuni. Hakucheka. Kama angecheka ningempiga kofi.

Akasema namba za hereni anazo kwenye orodha ya chanjo. Zikionekana zote tano, mbele ya macho yake, shimoni kwenyewe, atabadilisha. Atakuja Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tatu. Siku inayofuata orodha inapanda juu na yeye hana mamlaka nayo tena.

Njiani nikaanza kutunga nitakachomsimulia mzee kesho. Bi Harusi kaota kidonda kidogo cha kwato, lakini kinapona. Nilishangaa jinsi yalivyokuja haraka. Nilimwona kabisa, mguu kaunyanyua.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua ya manyunyu. Mzee kalala mchana. Nitaandika kile kingine, niwe nimekiandika.

Jioni ile mto ulipoanza kunguruma mzee alisema: wafungulie. Akasema mara tatu. Nikamwambia wewe huoni, mimi naona, maji yako mbali. Nikiwafungulia watakanyaga maharage yote, na yameshatoa maua. Miaka arobaini na moja niko hapa, maji hayajawahi kupita mwembe wa jirani. Nikaenda bandani. Si kuwafungulia. Kuwakaza. Koroboi alikuwa anavuta, nikamwongezea fundo la pili.

Halafu wakaja vijana wa jirani kumbeba mzee mgongoni kwenda shuleni. Alikuwa anapiga kelele njia nzima: wafungulie! Nikamjibu nimeshawafungulia! Ili anyamaze, wasije wakamwangusha.

Nilirudi. Sitaki aseme mtu sikurudi. Maji yalinifika kifuani, na kamba ikilowa fundo haliachii. Kisu kilikuwa jikoni, na jikoni palikuwa mto mtupu. Nilivuta kwa meno. Jino la mbele limetoka hapo. Watu wanadhani nilianguka.

Koroboi alikuwa ananilamba sikio.

Jumatatu, 20 Mei

Nimepanga hivi. Alhamisi gari la kliniki linapita kuchukua wenye macho mabovu kwenda kuandikishwa upasuaji. Mzee ataondoka asubuhi, atarudi jioni. Katikati fundi visima atafukua, karani atasoma namba zake, tutafukia, nitafagia. Mzee akirudi pasafi.

Fundi visima kakubali. Kasema mama, kuwazika ilikuwa kazi, kuwafufua nitakudai maradufu. Halafu akaona uso wangu akasema natania, sitaki hata senti.

Mzee leo kauliza: "Nikitoka kliniki si wanipitishe mlimani? Niwaguse tu." Nikamwambia njia mbovu. Akasema hata Chenga tu, yule mtamba, amwekee mkono mgongoni aone kama kanenepa. Nikamwambia Chenga kanenepa, binti anasema hapiti tena mlango mdogo.  "Vizuri," akasema. "Endelea. Na Tumbaku?"

Nikaendelea. Tumbaku, Mama Mkubwa, wote. Redio alikuwa kaja kuomba kiberiti, kasimama mlangoni anasikiliza. Kageuka kaondoka bila kiberiti. Nilijua basi kwamba mambo yangu ni mabaya.

Jumanne, 21 Mei

Nimejaribu kumwambia.

Nilianza na "Baba watoto". Huwa simwiti hivyo. Akasema "Naam?" Nikamwambia shati lako lina kifungo kimelegea.

Jumatano, 22 Mei

Gari la kliniki haliji! Daraja dogo limekatika na manyunyu haya. Karani yeye kapiga simu, atakuja kwa miguu kupitia juu, ameazima mabuti marefu zaidi. Yeye anaweza. Mzee hawezi.

Nimemwomba Redio akae naye kwake kesho, ampigie soga. Redio kasema mbona hiyo ndiyo kazi yake. Lakini alisema bila kucheka.

Alhamisi, 23 Mei

Naandika nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Karani kaniambia bibi kaa pembeni, harufu kali. Nimekaa. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa aproni pamoja na daftari, nililileta ili karani aone lita za Koroboi kama zitasaidia. Hazisaidii. Basi naandika, mikono isikae bure.

Asubuhi Redio alikuja kumchukua mzee. Mzee akasema haendi. Redio akambembeleza, chai ipo, maandazi yapo, habari za nchi nzima zipo. Mzee akasema habari anazo za kwake. Akachukua kigoda, fimbo, akatoka. Hatua ishirini na moja. Akaligusa jiwe. Halafu hakuingia bandani. Alizunguka nyuma. Moja kwa moja hadi shimoni, akaweka kigoda ukingoni kama mtu anayekwenda pale kila siku.

Fundi visima alikuwa ameshanyanyua koleo. Likabaki hewani.

"Anza upande wa mti," mzee akamwambia. "Wa huku wako juujuu."

  

Fundi visima ndiye aliyeuliza. Akamnong'oneza, lakini mimi nasikia vizuri: mzee, ulijua tangu lini? Mzee akasema tangu siku aliyorudi. Macho yake yanaumwa, pua yake haina ugonjwa. Na mwanamke wake hajawahi kununua chokaa maisha yake yote.

Fundi akauliza, sasa kila asubuhi ulikuwa unamuuliza za nini?

Mzee alijisogeza kwenye kigoda. Akasema: "Akinisimulia anakula. Siku asiponisimulia, kikombe chake nakishika kimejaa."

Nimeandika kama alivyosema. Sijaongeza.

Sasa hivi wamepata hereni tatu. Bi Harusi, Tumbaku, Mama Mkubwa. Karani kajifunga kitambaa puani, anasuuza kila moja kwenye kopo, anasoma namba kwa sauti, anaweka tiki. Machozi yanamtoka na hasemi kama ni harufu au nini. Imebaki ya Chenga na ya Koroboi. Ya Chenga inaweza kuwa iling'oka kwenye ukuta wa banda siku ya mafuriko, sikumbuki kuiona tulipozika. Karani kasema nne si tano, bibi. Kasema taratibu, lakini kasema.

Fundi kashuka tena. Kavuta kamba.

"Kamba ya nani?" mzee akauliza.

"Nyeusi huyu," fundi akasema. "Koroboi."

"Nipe."

Fundi alinitazama. Nikatikisa kichwa, asimpe. Lakini mzee alikuwa ameshanyoosha mkono na mkono ule ulibaki pale, unangoja. Fundi akampa.

Akaipitisha vidoleni polepole, tope na vyote. Akafika kwenye fundo. La kwanza. Akaenda mbele kidogo, akalikuta la pili. Akasimama hapo. Kidole gumba chake kikawa kinazunguka juu ya fundo la pili, kinazunguka, pale penye alama za meno.

Nikasema mwenyewe. Kwa sauti, mbele ya karani, mbele ya Redio. "Sikuwafungulia."

Hakugeuka. "Fundo hili nilikufundisha mimi," akasema. "Mwaka ule tulipohamia hapa. Ulikuwa hujui kufunga hata kuku."

Koroboi wamemtoa kichwa. Hereni ipo. Karani kasoma namba, kaweka tiki. Nne. Fundi bado anachakura kwa mikono, koleo kaweka pembeni, anapapasa udongo kama mtu aliyedondosha sindano. Karani anatazama saa, kisha anga, kisha njia ya juu atakayorudia. Mvua inakusanyika. 

Mzee kaikunja kamba, kaiweka mapajani. Sasa ndiyo kageuza uso, upande wa ndoo yangu. Amejua nilipo.

"Mama," anasema. "Leo hujaniambia. Wameamkaje?"

Sikio la Koroboi liko kwenye gunia, karibu na mguu wake. Redio kaziba mdomo kwa kanga. Chai yangu ya asubuhi bado iko jikoni, sijaigusa, na yeye anajua.

Ananingoja.